Chungu Kinachokohoa

Wewe, siku miguu yako itakapokataa kukubeba, utakubali kubebwa?

Usijibu upesi. Wengi hulijibu swali hili wangali vijana, magoti mapya na kifua kimejaa pumzi, kisha hulazimika kuishi na jibu hilo wakishazeeka. Dagane alilijibu zamani, ndevu zake ndiyo kwanza zinachipuka. Alilijibu kwa sauti, mbele za watu, na waliomsikia walimsifu. Jibu lile likamngoja maisha yake yote, hata likamkuta mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na saba kando ya mto Tana, mkabala na Garsen, nyonga imeumia na fimbo mkononi.

Ilikuwa hivi. Katika ujana wake, watu wa boma lao walikuwa wakihama kufuata malisho, kama Wasomali wafugaji wahamavyo tangu wajijue. Katika safari ya kuhama, kila mwenye miguu hutembea. Ngamia hubebeshwa miti na mikeka ya nyumba, vyungu, na vibuyu vya maziwa, na juu ya hivyo vyote hufungwa wale wasiojiweza: mtoto mchanga, mwana-mbuzi aliyezaliwa jana, mgonjwa, na mkongwe. Mwaka ule mkongwe alikuwa baba yake Dagane. Walimfunga kwa kamba katikati ya vyungu ili asianguke, na kamba ya kumwongoza ngamia yule akapewa Dagane.

Walipofika kisimani waliwakuta wasichana wa boma jingine wakinywesha. Mzee akakohoa huko juu. Msichana mmoja, ambaye pengine hakuwa na ubaya wowote ila ulimi mwepesi, akawaambia wenziwe, "Sikilizeni, chungu cha watu hawa kinakohoa."

Walicheka hata mmoja akaiachia ndoo yake ya ngozi ikarudi kisimani. Mzee aligeuza uso upande mwingine. Na Dagane, aliyeshika kamba, hakumkasirikia msichana. Alimkasirikia baba yake.

Jioni ile, wanaume walipokuwa wakiota moto, alisema, "Mimi siku mtakayonifunga pamoja na vyungu, nizikeni hapo hapo mmalize kazi." Wakamsifu. Wakasema huyu ndiye mtoto wa kiume. Baba yake alikuwa amelala upande wa pili wa moto, macho wazi. Mvua iliyofuata hakuiona.

Mtu akisikia habari hii hutamani kumshika kijana yule mabegani amtikise. Nani aliyekuambia kwamba mtu ni miguu yake? Nani aliyekuambia kwamba heshima ya mzee inakwisha pale anapohitaji mkono wa mwanawe, mkono ambao mzee huyo huyo aliulea? Lakini tusimlaumu yeye peke yake. Wale watu wazima waliomsifu ndio waliomsukia kamba ile. Yeye aliivaa tu shingoni, akaringa nayo kama shanga.

Na aliringa kwa haki, kwa maana neno lake alilitimiza. Katika kuhama kote alitembea mbele ya ngamia wa kwanza. Ukame ulipowakausha, yeye ndiye aliyetangulia kutafuta maji na kurudi kuwaita wengine, midomo imepasuka, akicheka. Ndama akilegea njiani, Dagane alimtia mabegani akatembea naye kutwa, na jioni akamtua kwa mamaye taratibu kama mtu anayetua mayai. Wageni walilishwa kwake bila kuulizwa ukoo wao. Hakuwa mtu wa moyo mgumu. Ugumu wake wote aliuweka upande mmoja, upande wa nafsi yake mwenyewe.

Tena aliwafundisha wanawe. Kisa cha kisimani alikisimulia kila mwaka, kila walipofunga mizigo, na kila mara alikimalizia kwa maneno yale yale. Mwanawe mkubwa, Gure, alikisikia akiwa mgongoni mwa mama yake, akakisikia akiwa mchungaji wa mbuzi, akakisikia tena akiwa baba wa watoto wake mwenyewe. Kwa Gure hicho hakikuwa kisa tena. Kilikuwa wasia.

Basi katika kiangazi cha mwaka ule wa hamsini na saba boma lao lilipiga kambi ng'ambo ya mashariki ya mto, mahali ambapo ukisimama ukingoni unaona mabati ya maduka ya Garsen yakimetameta. Siku moja ngamia walikuwa wakishuka kunywa, tope limelainika, na dume moja likamsukuma Dagane akaangukia mizizi ya mti. Alijiinua, akajipangusa, akasema si kitu. Asubuhi iliyofuata hakuweza kusimama. Mtaalamu wa mifupa aliletwa, akamchoma nyonga kwa chuma cha moto, akamfunga. Dagane akapona kwa kiasi cha mtu kwenda msalani na kurudi. Kwa kiasi cha kuhama, hakupona.

Nayo siku ya kuhama ilikuwa ikija. Mawingu yalikuwa yamekwisha kukaa huko mto unakotoka, maji yamegeuka rangi ya matofali na kupanda, na mbung'o walianza kuonekana vichakani. Ngamia akikaa mtoni masika hufa. Kila mtu bomani alijua kwamba ni lazima waende, na kila mtu alijua mzee hawezi kutembea. Jambo lililobaki lilikuwa moja tu, na hilo hakuna aliyelitaja.

Dagane mwenyewe ndiye aliyelimaliza, au alidhani amelimaliza. Usiku wa mazungumzo ya kuhama aliwaambia kwamba safari hii hatakwenda. Atavuka kwenda Garsen akae dukani kwa Roble, mtoto wa nduguye, aangalie biashara ya madume ya ng'ombe, kwa sababu Roble ni mtu wa sukari na majani ya chai, ng'ombe hawajui. Uongo ulikuwa mwembamba hata mtoto angeona ng'ambo yake. Hakuna aliyecheka. Gure alitazama chini akasema, "Umesema vyema, Baba."

Maneno hayo yalimpiga Dagane kuliko lile dume. Kwani ndani kabisa, mahali ambapo hata yeye hakupenda kuchungulia, alikuwa ametumaini kwamba mwanawe atakataa. Alitaka Gure asimame aseme hapana, Baba, hatukuachi, utapanda. Yeye angekasirika. Angemkaripia. Na baada ya kukaripia vya kutosha, pengine angepanda. Lakini Gure alikuwa amefunzwa vizuri mno.

Alivushwa na Pekeshe, Mgiriama mwenye mtumbwi, ambaye baba yake alikuja kutoka kusini kulima mpunga katika ardhi ya mafuriko. Pekeshe na Dagane walikuwa na utani wa miaka. Mzee alipokataa kushikwa mkono wakati wa kupanda, mtumbwi ukalala upande, maji yakaingia.

"Mzee Dagane, kama wataka kuoga sema," Pekeshe alisema. "Mamba hawana haraka, lakini mimi nina kazi."

"Mtumbwi wako ni mlevi kama mwenyewe."

"Mlevi ndiye amevusha nyinyi wote. Watu wa ngamia mwaogopa maji kama paka."

Walicheka, na Dagane alishukuru kwamba walicheka, maana hivyo hakulazimika kutazama nyuma.

Roble alimpokea vizuri kupita kiasi. Alimwekea kiti barazani, mto wa kuegemea, chai yenye maziwa mengi. Alimwita ami mbele ya kila mnunuzi, akamtaja kuwa mtu mkubwa. Dagane alikaa pale kama kitu kilicholetwa dukani kikakosa mnunuzi. Mbele yake watu walipita na kazi zao: wanawake wa Kipokomo na vikapu vya maembe, Waorma na ng'ombe wao, karani na baiskeli yake. Kila aliyepita alimsalimu kwa heshima, na kila salamu ilimwambia, wewe umekaa tu.

Kwa hiyo alitafuta kazi. Alisuka kamba mpaka Roble akakosa pa kuziweka. Alipokwisha kusuka akaona debe la maji mlangoni, akasema ataliingiza ndani. Wanunuzi walikuwapo. Alilishika, akalinyanyua hadi magotini, na nyonga ikamwacha. Maji yote yalimwagikia gunia la sukari. Hakuna aliyemcheka. Mwanamke mmoja tu, kwa wema wake wote, alimwambia Roble, "Mshikeni babu." Nalo neno lile babu, lililosemwa kwa upole, likamfanya Dagane atamani kicheko cha wasichana wa kisimani.

Gure alivuka kumtazama. Walikaa barazani baba na mwana, wakazungumza habari za mvua, habari za malisho, habari za ngamia jike aliyekataa kunyonyesha. Gure aliuliza kama anahitaji tumbaku. Dagane akasema anayo. Gure aliinua uso kana kwamba anataka kusema kitu, na Dagane akaacha kutafuna, akangoja. Kisha Gure akasema Pekeshe anamngoja mtoni, akainama, akaubusu mkono wa baba yake, akaenda. Dagane alimtazama mgongo mpaka alipopotea nyuma ya maduka. Mgongo ulikuwa wake mwenyewe, ule wa ujana, umenyooka vile vile.

Jioni ya mwisho kabla ya boma kuondoka, alivuka Dahabo.

Dahabo alikuwa mke wake tangu wote wawili walipokuwa na meno yote. Alikuwa amekonda, mkavu, mwenye ulimi ambao Dagane alikuwa ameuogopa kidogo maisha yao yote na kuupenda zaidi. Alikuja na kibuyu cha maziwa ya ngamia, akakiweka chini, akatazama kile kiti, ule mto, ile chai.

"Baba Gure, umekuwa sultani," alisema. "Sasa njoo nyumbani."

Dagane alimwambia kwamba alikwisha kusema, ana biashara ya kuangalia.

"Biashara gani? Ng'ombe wa kwanza aliyepita hapa leo umemuuza kwa nani?" Hakungoja jibu. Alikaa sakafuni karibu na miguu ya mumewe, akashusha sauti ili Roble aliyekuwa ndani asisikie. Alimwambia kwamba ametengeneza tandiko. Ameshona ngozi mbili pamoja, akazijaza nyasi kavu, akaweka miti kila upande ya kushikia, na kivuli cha mkeka juu. Amemchagua ngamia yule mzee mpole asiyerusha mguu. Vyungu amevihamishia kwa ngamia mwingine. Kwenye tandiko lile hakuna chungu hata kimoja.

Dagane aligeuza uso, akajibu kwa jeuri.

"Hata vyungu vyote ukivivunja, mimi ndiye nitakayekuwa chungu."

"Umewabeba ndama wangapi mabegani? Ndama wale waliona haya?"

"Ndama hubebwa kwa kuwa atatembea kesho. Mimi kesho nitakwenda wapi?"

Dahabo alishika ukingo wa kiti, akawa anaukwaruza kwa ukucha. Halafu akasema lile alilovukia mto kulisema. Gure hali vizuri. Gure alimwambia mama yake kwamba kumwomba baba apande ngamia ni kumwambia kwamba amekwisha, na yeye ulimi wake hautalitamka hilo, hata afe. Anangoja Baba aseme.

"Naye ana mdomo," Dagane alisema.

"Mdomo wake umeushona wewe. Kila mwaka tulipofunga mizigo ulikuwa ukiongeza uzi mmoja." Alinyanyuka. Magoti yake nayo yalilia, na Dagane akayasikia, akakumbuka kwamba mwanamke huyu kesho atatembea kwa miguu. "Sema neno moja tu. Tutafunga alfajiri. Yule ngamia nitamwacha amepiga magoti mpaka wengine wote wasimame."

Akaenda. Kibuyu alikiacha. Dagane aliyanywa maziwa yale peke yake, na humo akaonja moshi wa nyumba yake, ule moshi ambao Dahabo hufukizia vibuyu, nao ulikuwa mmoja tu duniani kote.

Baada ya sala ya alfajiri alimwambia Roble, "Nivushe. Nakwenda na watu wangu."

Roble alikuwa amelia au amelala vibaya, macho mekundu. Alimfungia shuka na tumbaku katika furushi, akamnyooshea mkono. "Ami, shika bega langu tufike upesi."

"Nina fimbo."

"Ni mbali kidogo, Ami, na tope."

"Nimekuambia nina fimbo."

Basi walikwenda kwa mwendo wa fimbo. Njia ya kushukia mtoni ilikuwa na utelezi wa mvua ya usiku, mvua ya kwanza. Kila hatua Dagane aliipima, akaikanyaga, akapumzika. Roble alitembea kando yake akiwa na furushi, mikono ikimwasha kwa kutaka kumshika. Na huku wakienda hivyo, jua liliinuka likawakuta njiani.

Walipotokea ukingoni, boma la ng'ambo halikuwapo tena. Mahali pa nyumba palibaki duara za majivu na mavi ya mbuzi. Ngamia walikuwa wamefungwa mmoja nyuma ya mwingine, na wa kwanza alikuwa amekwisha kuingia njia ya vichakani, Gure mbele yake akitembea kule alikokuwa akitembea baba yake. Nyuma kabisa ngamia mmoja alikuwa bado amepiga magoti. Mgongoni pake palikuwa na tandiko lenye kivuli cha mkeka. Dahabo alisimama karibu naye, kamba mkononi, uso ameuelekeza Garsen.

Dagane aliinua fimbo yake juu ya kichwa, juu kabisa, kuwaita.

Gure aliiona. Alisimamisha msafara. Dagane alimwona akigeuka, akiweka mkuki wake chini, akisema kitu kwa walio nyuma, na neno likapita kutoka kwa mtu hadi mtu mpaka mwisho wa mstari. Kisha wote, wanaume kwa wanawake, wakageukia mto, wakaikunjua mikono yao mbele ya vifua, viganja juu.

Msafara wa kuhama hauondoki bila dua ya mkubwa. Walikuwa wameondoka bila dua, kwa aibu ya kumwomba yule wanayemwacha, na sasa walimwona mkubwa wao amekuja mwenyewe na nyonga yake mbovu, amesimama ng'ambo, ameinua fimbo kuwabariki. Hata kutoka pale Dagane aliona jinsi mabega ya Gure yalivyoshuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Angeweza kupiga kelele. Mto haukuwa mpana kiasi hicho. Angeweza kusema, sikuja kwa hilo, nileteeni ngamia. Mdomo aliufungua. Lakini viganja vyote vile vilikuwa vimefunguliwa vikimngoja, vya mwanawe na vya wajukuu wake, na yeye maisha yake yote hakuwahi kukitazama kiganja kilichofunguliwa akakiacha kitupu.

Basi akaomba. Aliomba kwa sauti yake ya zamani, ile ya kuita watu majini. Mwenyezi Mungu awatangulie, awape mvua ya upole na malisho ya karibu, awalinde watoto na mifugo na macho ya watu. Kila aliponyamaza, amina ilivuka mto ikamfikia. Alipomaliza, walijipangusa nyuso kwa viganja, Gure akauokota mkuki, msafara ukaenda.

Dahabo peke yake hakuwa amekunjua mikono. Yeye alijua mumewe alikuja kufanya nini.

Pekeshe alikuwa ameketi juu ya mtumbwi wake, kasia mapajani. Aliliona furushi mikononi mwa Roble. Leo hakutania.

"Mzee," alisema, "nikuvushe? Upesi tu. Yule mama angali angoja."

Dagane alitazama maji. Alitazama mgongo wa mwanawe uliokuwa ukiingia vichakani, mwepesi.

"Nilikuja kuwaaga," alisema.

Ng'ambo ya pili Dahabo aliendelea kusimama. Wengine wote walikwisha kusimama na kwenda, na kamba ilikuwa bado mkononi mwake. Aliutazama mtumbwi. Mtumbwi haukuondoka. Akautazama tena, muda ambao mtu angeweza kuvuka na kurudi. Halafu akainama majanini, akamwokota mwana-mbuzi aliyekuwa akilia kwa kuachwa, akamweka juu ya tandiko lililoshonwa kwa ngozi mbili, akamfunga kwa kamba asianguke, akampiga ngamia kofi ubavuni. Ngamia akanyanyuka.